Wekeni sakafu, reli iacheni mahali pake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: daraja la reli ambalo halijapitiwa na treni kwa miaka mingi livunjwe liuzwe kama chuma chakavu, liachwe lingojee treni, au lifanywe njia ya waenda kwa miguu? Naandika kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda, mwisho wa reli, na huku swali hilo limechelewa. Daraja la namna hiyo watu walishalifanya njia zamani, bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachokosekana ni sakafu na kitu cha kushika.

Njia ya Kampala hadi Kasese ilifunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba ilipakiwa hapa, ikayeyushwa Jinja, kisha ikashuka hadi Mombasa. Mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni nazo zikapungua, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 njia ilikuwa kimya. Zaidi ya kilomita 300 za reli zimebaki kwenye nyasi na mafunjo. Humo mna madaraja: juu ya mto Mpanga, juu ya vijito, juu ya makorongo yanayokauka kiangazi na kufurika masika. Wanaoyapita tunawajua. Ni watoto wa shule, akina mama wa sokoni, vijana wanaosukuma baiskeli zenye matoke au magunia ya makaa. Unakanyaga taruma, lile gogo linalobeba reli, unaruka uwazi, unakanyaga taruma, na chini unayaona maji. Mataruma ya darajani ni ya mbao, kwa hiyo yanaoza, na yasiyooza hupata mteja wa kuni. Kila moja likiondoka, hatua ya mtoto inazidi kuwa ndefu.

Wapo watakaouliza kama chuma cha zamani hicho kitawabeba watu. Hesabu yake si ngumu. Wahandisi wanapopima daraja la miguu huchukulia watu waliosongamana kabisa kuwa kama kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka sakafu ya upana wa mita 2, hiyo ni tani moja kwa kila mita ya urefu, na msongamano huo utauona siku ya harusi au ya mkutano wa kampeni tu. Daraja hilohilo lilijengwa kubeba injini na mabehewa ya shaba, yaani uzito mara kadhaa zaidi, tena unaotikisika. Mihimili haina wasiwasi na akina mama wa sokoni. Wasiwasi wangu mimi uko chini, kwenye nguzo, ambako maji huchimbua mchanga na mawe miaka na miaka pasipo mtu kuangalia. Sisi wa Kasese hatuhitaji kufundishwa hilo. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, tuliona mto unavyoweza kuhama na kila kitu kilicho kando yake.

Kuhusu kulivunja na kuliuza, tusiharakishe: daraja kubwa la reli la Poughkeepsie, katika jimbo la New York huko Marekani, lilifunguliwa mwaka 1889 juu ya mto Hudson. Liliungua mwaka 1974, treni zikaisha, na kampuni iliyolimiliki ikaona ni mzigo, ikamwuzia mtu binafsi kwa dola 1. Mwaka 1992 raia wa pale walianzisha chama cha kulifanya njia ya miguu. Iliwachukua mpaka Oktoba 2009 kulifungua: karibu kilomita 2 za kutembea, zaidi ya mita 60 juu ya maji, sakafu ya vipande vya zege vilivyolazwa juu ya chuma kilekile cha zamani. Miaka 17! Nataja huo muda makusudi, kwa sababu hapa kwetu mradi ukimaliza miaka mitatu bila kuzinduliwa na mheshimiwa, tunasema umekufa.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni wa Louisville, Kentucky, juu ya mto Ohio. Daraja la Big Four lilipoachwa, waling'oa njia za kupandia pande zote mbili wakaziuza chuma chake, likabaki limesimama mtoni huku wenyeji wakiliita daraja lisilokwenda popote. Walipoamua kulitengeneza, upande wa Louisville ulifunguliwa mwaka 2013 na upande wa pili 2014. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mtu alitembea hadi karibu na ng'ambo, akatazama mji wa Jeffersonville, akageuka kurudi. Viongozi wetu wapendao kukata utepe wasikilize hapo. Madaraja yetu mengi yamesimama imara wakati tuta la udongo linaloyafikia limemomonyoka, na mama mwenye mzigo kichwani anapanda kwa magoti kabla hajafika kwenye chuma. Pesa ya kwanza iende kwenye tuta.

Wengine watasema tuige Afrika Kusini, ambako daraja la reli la Selati, juu ya mto Sabie katika mbuga ya Kruger, limewekewa mabehewa yaliyogeuzwa hoteli. Na sisi tuna mbuga ya Queen Elizabeth jirani, watalii wapo. Sawa, anayetaka kujenga hoteli ajenge, ila asifunge njia. Mtoto wa shule hawezi kulipa bei ya chai ya hoteli ili avuke.

Sasa hoja nzito kuliko zote, maana nimeisikia kwa wazee waliofanya kazi reli, nao ninawaheshimu: mkishaweka sakafu, treni haitarudi tena. Naelewa hofu yao. Treni ilirudi Gulu mwaka 2013 baada ya njia kulala kwa karibu miaka 20, kwa hiyo huku pia si ndoto. Lakini tuangalie kinachoizuia treni kurudi kwa kweli. Ni nyumba zilizojengwa juu ya njia, reli zilizokatwa usiku zikapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na ardhi ambayo kila mwaka inapata mwenyewe mpya mwenye karatasi. Njia inayopitwa na watu kila siku haijengewi kibanda, na bolti zake hazifunguliwi mchana kweupe. Marekani walilitungia sheria jambo hili mwaka 1983: njia ya reli isiyotumika inaweza kufanywa njia ya miguu huku kisheria ikibaki ya reli, na treni ikihitajika inarudi. Shirika la Reli la Uganda linaweza kuandikiana na wilaya mkataba wa namna hiyo, kwamba ardhi ni ya shirika, reli zisiguswe, na sakafu iwe ya vipande vinavyoinulika siku treni ikija.

Sakafu yenyewe naishauri iwe ya zege. Mbao zitapikiwa posho, yaani ugali, ndani ya mwezi. Mabati mazito ya chuma yatauzwa kwa kilo. Kipande cha zege chenye unene wa sentimita 8 kina karibu kilo 190 kwa mita ya mraba, hakina soko, na mwizi wake atahitaji ndugu wengi wenye migongo mizuri. Saruji inatengenezwa Hima, ndani ya wilaya yetu. Kingo za pembeni ziwe juu ya kiuno cha mtu mzima, na nafasi kati ya vyuma isimpitishe mtoto.

Halafu kuna bodaboda, ambao hamkuwataja ila nyote mnawawazia. Watakuja asubuhi ya kwanza. Wataalamu hupenda kuweka nguzo mbili mlangoni ili pikipiki isipite, ila baiskeli yenye mikungu ya matoke ni pana kuliko pikipiki yoyote. Ukimzuia boda kwa nguzo, umemzuia mkulima kwanza. Mimi ningewaruhusu wapite wakiwa wamezima injini na kusukuma, abiria akitembea, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kila upande apewe uwezo wa kutoza faini. Ugomvi utakuwepo. Ushuru wa kuvuka usiwepo kabisa, kwa sababu siku utakapoanza watu watarudi mtoni.

Kazi ya kuanzia haihitaji mfadhili. Shirika na wilaya watume mhandisi mwezi wa Februari, maji yakiwa chini, pamoja na mtumbwi, kamba na nyundo, akague nguzo za daraja moja baada ya jingine na kuandika lipi lifungwe leo na lipi liwekewe sakafu. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji.

Msomaji wenu, Kasese