MASWALI YENU: Mama kaambiwa ni vidonda vya tumbo, mbona akipumzika vinaachia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 56, anauza vitumbua huku Mbagala. Siku hizi akibeba ndoo ya maji kutoka bombani anasikia kitu kinamkaba kifuani kinapanda mpaka kwenye taya, kichefuchefu, kijasho chembamba, pumzi inakata, akikaa kidogo inaachia. Hospitali kwanza wakampa dawa za vidonda vya tumbo, tuliporudi wakasema ana mawazo. Baba mdogo alienda hapohapo analalamika kifua, siku hiyohiyo akapigwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Hii ni sawa kweli? Mama hataki kurudi tena, anasema anasumbua watu.
Binti wa Mama Vitumbua

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio sawa hata kidogo, na mama arudi hospitali leo au kesho, asisubiri mwisho wa mwezi. Kilichonishtua kwenye barua yako ni hiyo ndoo. Vidonda vya tumbo havijui kama umebeba ndoo au umekaa, ila kifua kinachokaba ukijitumikisha na kuachia ukipumzika huo ni moyo mpaka vipimo viseme vingine, awe mwanamke awe mwanaume.

Sasa kwa nini baba mdogo alipimwa fasta? Kwa sababu mgonjwa wa moyo tuliyemzoea vichwani, hata sisi madaktari, ni mbaba kashika kifua. Na halijaanzia Bongo hili. Utafiti mkubwa wa Marekani wa aspirini na moyo uliotoka 1989 ulichukua madaktari 22,071, wote wanaume! Mwaka 1991 Dkt. Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za afya kule, akaandika kwamba mwanamke mpaka athibitishe anaumwa kama mwanaume ndo anatibiwa kama mwanaume. Baadaye, 2005, aspirini ikajaribiwa kwa wanawake karibu 40,000 na majibu yakawa tofauti na ya wanaume, kiharusi kilipungua lakini shambulio la moyo kwa ujumla halikupungua, kwa hiyo usimwanzishie mama aspirini ya kila siku kwa ushauri wa jirani.

Wanawake nao kifua kinawabana, ila mara nyingi kinakuja na kichefuchefu, uchovu, mgongo, taya, na daktari akishasikia kichefuchefu tu anahamia tumboni. Wamama zetu nao wanaanza na "samahani dokta, nina gesi kidogo". Nenda naye, aanze na ndoo na taya. Aseme kama alishawahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba, hilo linaongeza hatari ya moyo hata miaka mingi baadaye na mapokezi huwa hawaulizi, aseme pia hedhi ilikoma lini na kama ana sukari.

Ombeni ECG, na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ambacho kiwango cha kawaida kwa mwanamke ni cha chini kuliko cha mwanaume. ECG ikitoka safi wakati amekaa ametulia haijamaliza maneno, ombeni rufaa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Hata mishipa mikubwa ya moyo ikionekana haijaziba, ile midogo inaweza kuwa na shida, na hilo kwa wanawake linatokea zaidi.

Ila kifua kikimkaba akiwa amekaa tu, au kisipoachia ndani ya dakika chache, hapo hakuna cha foleni ya kliniki, chukueni gari au bajaji mumkimbize emajensi muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, na asitembee kwa miguu mpaka kituoni.