Liyongo aliyemjibu mwanawe

Mhariri, salaam kutoka Mombasa. Swali lenu la wiki hii mmeuliza, kati ya miungu na mashujaa wa hadithi za kale, wa popote duniani, nani kwako ni mkubwa kuliko wote na kwa nini. Najua wengi watawataja wale wa radi na nyundo, kina Zeus na Thor, au Hercules aliyemnyonga simba kwa mikono, na siwalaumu, mashujaa ni mashujaa. Mi jibu langu ni Fumo Liyongo wa huku kwetu, na simchagui kwa urefu wake wala upinde wake, namchagua kwa lile jibu alompa mwanawe siku alipoulizwa baba, wewe kinachokuua ni nini.

Kwa wasiomjua, Liyongo ni wa kaskazini mwa pwani ya Kenya, upande wa Shaka na Ozi, pale mto Tana unapoingia baharini, pande la mtu, mpiga mishale hodari na juu ya hayo malenga. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliitungia utendi habari yake mwaka 1913 lakini wazee walikuwa wakiisimulia zamani sana kabla ya hapo, na mi sikuisoma, niliipata kwa nyanya yangu mzaa mama, baada ya isha, stima zikiwa zimepotea, yeye akiijua yote kwa ghibu.

Sultani wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, alikuwa anamwogopa Liyongo, anaona huyu siku moja atanivua ufalme, basi ikawa kazi ni kumtegea. Kwanza wakamwita twende tukaangue makoma, matunda ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi, kila mtu apande mkoma kwa zamu, na mpango wao ni zamu yake ikifika akiwa kule juu wamfume mishale wote pamoja. Zamu yake ikafika, hakupanda, akatoa mshale kwenye podo akayaangusha makoma yeye akiwa chini. Ikashindikana. Baadaye wakamkamata wakamtia jela na minyororo, na hapo ndipo nyanya alipokuwa akichangamka, sauti inapanda, manake mamake Liyongo alikuwa akimpikia chakula kizuri kila siku, kijakazi wao Saada ndo anakipeleka, na mabawabu wanakila chote wanamwachia makombo. Basi Liyongo akamwimbia Saada shairi, na ndani ya shairi ndo kaficha ujumbe: mwambie mama apike mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na katikati yake atie tupa ya kukatia chuma. Mkate ukaja, mabawabu wakauangalia wakaona ah, wishwa huu, wakaudharau wakampa mzima. Alipoambiwa aseme haja yake ya mwisho kabla hajauawa akasema anataka apigiwe gungu, ngoma kubwa, matari na matoazi na siwa, watu wote wakaja, na kelele zilipokolea yeye ndani anakata minyororo kwa ile tupa na hakuna anayesikia, wakaja kushtuka keshasimama nje, kila mtu akashika njia yake.

Yaani jitu lote lile liliokolewa na mkate wa wishwa wa mamake. Mkumbukeni huyo mama, nitarudi kwake.

Baada ya hapo wakabaki na njia moja tu, mtoto wake. Wengine husimulia kuwa ni mpwa wake, nyanya alisema ni wa kumzaa na utendi pia wasema hivyo. Sultani akamwita kijana akamwahidi atamwoza bintiye na atampa uwaziri, kazi yake ni moja, akamuulize babake siri ya kifo chake. Kijana akaenda akauliza. Na Liyongo, jamani hapa ndo penye kisa chote, Liyongo alishatambua kwamba kijana ametumwa na waliomtuma wanataka nini. Akamwambia vilevile. Akamweleza kuwa silaha zote hazimdhuru, ila mtu akimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, hapo atakufa.

Nyanya akifika hapo alikuwa ananyamaza kidogo, anajitengeneza leso, halafu anasema neno moja, "akamwambia", ndo anaendelea.

Mwaka jana nikamsimulia mwanangu wa miaka tisa stori hiyohiyo na yeye hakuniachia ninyamaze, akaniuliza palepale, mama, sasa kama alijua, mbona akamwambia? Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitakujibu siku nyingine, na tangu hapo usiku watoto wakilala nakuwa kwenye simu nasoma hadithi za watu wengine, natafuta kama kuna shujaa mwingine aliyewahi kuulizwa swali hilo, na kumbe wako wengi, kutoka nchi ambazo hata hazijawahi kusikia jina la Pate.

Samsoni mnamjua wote, yuko kwenye Biblia kitabu cha Waamuzi sura ya 16. Wakuu wa Wafilisti, maadui zake, kila mmoja alimwahidi Delila, mwanamke aliyempenda, vipande 1,100 vya fedha akiipata siri, na Samsoni akamdanganya mara tatu, mara ya kwanza kamba mbichi, mara ya pili kamba mpya, mara ya tatu kusuka nywele zake kwenye mtande, na kila mara Delila anampigia kelele Wafilisti wamekujia. Mara tatu! Halafu mara ya nne akasema ukweli, kwamba ni nywele, manake alisumbuliwa siku baada ya siku mpaka roho ikachoka. Huyo mi namwonea huruma sana lakini si jibu la swali la mwanangu, yeye alishindwa tu kuvumilia.

Halafu kuna Baldr, mungu wa watu wa Skandinavia huko kwenye barafu, hadithi yake iliandikwa Iceland na Snorri Sturluson miaka ya 1220 hivi, na hii ilinikalia moyoni kuliko zote za nje. Baldr alikuwa anaota ndoto mbaya kuwa atakufa, mamake Frigg akaogopa vile mama yeyote angeogopa, basi akazunguka akakiapisha kila kitu duniani, moto, maji, chuma, mawe, miti, maradhi, wanyama, ndege, sumu, nyoka, vyote vikaapa havitamdhuru mwanangu. Miungu wenzake wakafanya mchezo, wanamsimamisha katikati wanamtupia mawe na mishale na hakuna kinachomwingia, wanacheka. Loki, mwenye hila zake, akajigeuza mwanamke akaenda kumtembelea Frigg, wakazungumza kama majirani, akamuuliza je, ni kila kitu kimeapa? Na mama akasema kweli, kuna kammea kadogo kanakoota juu ya matawi ya miti mingine, nilikaona kachanga mno, sikukadai kiapo. Basi. Loki akaenda akakichuma akampa Höðr, nduguye Baldr aliye kipofu, aliyekuwa amesimama pembeni hachezi kwa sababu hana cha kurusha na haoni wa kumrushia, akamwambia na wewe shiriki, nitakuonyesha alipo. Akarusha. Baldr akaanguka. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mama aliyezunguka dunia nzima, na siri ikatoka kwa mdomo wake mwenyewe kwa mgeni aliyemkaribisha.

Wajerumani wana Siegfried, utenzi wake ni wa kama mwaka 1200, aliua joka akaoga damu yake na ngozi ikawa haichomeki, ila jani la mti lilimwangukia kati ya mabega na pale damu haikufika. Mkewe Kriemhild akaifahamu siri, na Hagen, aliyetaka kumuua Siegfried, akamwendea kwa maneno mazuri, niambie ni wapi nimlinde vitani, na yule mke kwa mapenzi yake yote akashona alama ndogo ya msalaba kwenye nguo, pale pale. Siegfried akachomwa mkuki hapo akiwa ameinama kunywa maji kwenye chemchemi. Huyo mke alishona kwa mkono wake, fikirieni.

Achilles wa Wayunani ndo kila mtu anamtaja ukisema shujaa mwenye sehemu moja ya kufa, lakini kwa Homer, mtunzi wao wa kale, hicho kisigino hakimo kabisa, na vitani Achilles anajeruhiwa mkono akatoka damu kama mtu mwingine. Mambo ya kuchovywa kwenye mto Styx akishikwa kisigino yalikuja baadaye sana kwa Mrumi aitwaye Statius. Kwa swali langu hanisaidii, hakuna aliyemuuliza kitu.

Ila kuna mmoja wa Uajemi ambaye nadhani Liyongo angemwelewa. Esfandiyar, yuko kwenye utenzi mrefu wa Ferdowsi uliokamilika mwaka 1010, mwili wake hauingii silaha ila macho. Babake mfalme Goshtasp alikuwa amemwahidi kiti, kila akirudi vitani anaambiwa bado, bado. Na mfalme alikuwa ameshaelezwa na mnajimu wake kuwa mwanawe atafia mkononi mwa shujaa Rostam. Akamtuma hukohuko, nenda ukanifungie Rostam uniletee, nitakupa kiti. Rostam alipozidiwa, ndege wa ajabu Simurgh akamfundisha atengeneze mshale wa mti wa mkwaju-pwani amlenge machoni, na ikawa hivyo. Sasa hebu liwekeni hili kando ya letu: kule baba anamtuma mtoto afe ili yeye abaki na kiti, huku mtoto anamuua baba ili apate cheo. Nimekaa nazo hizi mbili usiku mzima, na ndipo nilipoanza kulipata jibu la mwanangu.

Manake angalieni, katika hao wote hakuna aliyejua lote. Frigg hakumjua anayeongea naye. Kriemhild alidhani analinda. Hata Samsoni, japo alikuwa na kila sababu ya kujua, mi nadhani alijidanganya kuwa Delila hawezi. Na Esfandiyar, japo alimshuku babake, alitii amri akaenda akitumaini kurudi apate kiti. Liyongo peke yake aliliona lote, sindano, mkono utakaoishika, na sultani nyuma ya ule mkono, na bado akajibu. Angeweza kumdanganya kama Samsoni, aseme ni nywele, ni kisigino, akaamka salama kesho. Angeweza hata kumpiga. Lakini nadhani alijua kwamba siku atakapomdanganya mwanawe kwa kuogopa kuuawa naye, hapo atakuwa ameshamkubali kama adui, na hilo hakulitaka. Akamwacha kijana na nafasi yake ya kuchagua, akiwa na ukweli mkononi, kama mtoto wake na si kama jasusi wa Pate. Mi sioni ushujaa mkubwa kuliko huo katika hadithi zote nilizosoma, wa kunyonga simba naona mdogo kabisa mbele yake.

Na kingine, mbona kitovu. Sisi pwani kitovu cha mtoto kikikatika kinazikwa, na mtu ukimuuliza kwenu wapi atakwambia ni pale kitovu changu kilipozikwa. Ni pale ulipoungana na mamako kabla hujawa na jina. Waliotunga stori hii wangeweza kuchagua jicho au unyayo, wakachagua pale mtu anapoungana na aliyemzaa, na mkono wa kuchoma wakaufanya wa mwana aliyemzaa mwenyewe. Hilo nyanya hakunieleza, nimeliona mwenyewe nikiwa nimemshika mwanangu wa mwisho kifuani.

Basi juzi nimemjibu yule mkubwa. Nimemwambia alimwambia kwa sababu aliyeuliza alikuwa mwanawe. Akafikiri kidogo akasema, lakini yule mtoto alikuwa mbaya. Nikamwambia ndiyo, alikuwa mbaya, na hata yeye hakupata kitu, wala mke wala uwaziri, sultani alimtumia tu.

Na mwisho wake ni huu. Kijana alimngoja babake alale akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akaamka kwa uchungu, akachukua upinde na mishale akatoka mpaka karibu na visima, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde akauvuta kama anayetaka kufuma, na roho ikatoka akiwa vilevile. Watu wa mji wakimwona kwa mbali wanarudi mbio, siku zikapita hakuna anayethubutu kuteka maji, wanaona Liyongo amekasirika anawangoja. Kiu ilipowazidi wakamwendea mamake, yule wa mkate wa wishwa, wakamwomba aende akambembeleze mwanawe awaondokee. Akaenda, akamwimbia kwa mashairi kama walivyozoea kuimbiana tangu jela, hakujibu, akaendelea kumwimbia, naye kimya, upinde umevutwa. Mpaka mwili ulipoanguka wenyewe ndipo wakajua, na ndipo wakateka maji.