Jibu kwa aliyeuliza kama akatae nyumba ya mlimani Asheville kwa sababu ya dubu

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba umepata kazi ya uuguzi mjini Asheville, jimbo la North Carolina, na kwamba nyumba mnayotaka kupanga iko upande wa mlimani, ambako mwenye nyumba amewaambia bila kuficha kuwa dubu weusi hupita hadi barazani. Umeuliza kama muikatae nyumba hiyo, kama ununue bunduki, na wanenu wawili wadogo watachezaje nje. Ninaishi mji huohuo tangu 2017, nami pia nimepanga mlimani, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kutokana na niliyoyaona mwenyewe na yale ambayo maofisa wa wanyamapori wa jimbo hili huwafundisha wakazi.

Nyumba msiikatae kwa sababu ya dubu. Hata mkihamia karibu na katikati ya mji hamtawaepuka, kwa maana wengi wa dubu wa Asheville hawatoki msituni kuja kutembea mjini, bali huzaliwa, hukua na hulala humuhumu baina ya nyumba za watu. Kuanzia 2014, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kwa kushirikiana na tume ya wanyamapori ya jimbo kiliwavisha dubu wa mjini kola za kufuatilia mienendo yao. Watafiti hao walikuta kwamba majike wa mjini wenye umri wa mwaka mmoja wana uzito unaokaribia maradufu ya wenzao wa msitu wa taifa, na kwamba baadhi yao huzaa wakiwa na miaka miwili tu, jambo ambalo halikuonekana kwa wale wa msituni waliolinganishwa nao. Unene huo haukutoka hewani. Umetoka kwenye mapipa yetu ya taka, mbegu tunazowatundikia ndege na matofaa tunayoyaacha yaozee chini ya miti. Dubu haji nyumbani kwako kumtafuta mtu. Anakuja kutafuta chakula, na mahali alipokipata hapasahau.

Sisi tuliokulia Lushoto, Tanzania, tumezoea ngedere na nguruwe pori wanaoingia shambani, na desturi yetu ni kumngoja mnyama afike ndipo tumfukuze kwa kelele, mawe na mbwa. Hapa desturi hiyo haifai sana, kwa sababu dubu aliyekwisha kula ameshapata alichokifuata, na kelele zako za baadaye kwake ni gharama ndogo tu. Kazi kubwa hufanywa kabla hajaja, nayo ni kazi ya kuchosha isiyo na ushujaa wowote.

Anza na taka, kwa kuwa ndizo zinazowaponza wapangaji wengi wapya. Lori la taka hupita asubuhi mara moja kwa wiki, na mazoea ya watu wanaotoka miji mingine ni kulisogeza pipa barabarani usiku uliotangulia ili walale kwa amani. Usifanye hivyo. Pipa likae ndani ya gereji au kibanda kinachofungwa, litoke asubuhi ya siku ya lori. Manispaa hutoa mapipa yenye komeo ambayo dubu hawezi kuyafungua kwa urahisi, kwa malipo ya ziada ya kila mwezi. Mwombe mwenye nyumba alilipie yeye, na likiwezekana liandikwe kwenye mkataba kabla hujatia saini. Mabaki ya samaki na mifupa mimi huviweka kwenye mfuko ndani ya friza mpaka asubuhi ya lori, na tangu tuanze utaratibu huo nyumbani kwetu pipa halijaguswa.

La pili ni mbegu za ndege, na hapa utapata ubishi, maana Wamarekani wengi wa milimani wanawapenda ndege wao mno. Kilo tatu hivi za mbegu nyeusi za alizeti zina kalori zipatazo 12,000. Dubu anayejinenepesha kabla ya majira ya baridi anaweza kula kalori hadi 20,000 kwa siku, kwa hiyo chombo kimoja kilichojaa kinamlipa kuliko kuokota matunda ya mwaloni kutwa nzima. Niliwahi kumtazama mmoja kupitia dirisha la jikoni akishughulika na chombo cha jirani kilichotundikwa juu ya mlingoti wa chuma. Hakupapatika wala hakuvunja kitu kwa hasira. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaukumbatia mlingoti, akauegemea kwa uzito wake mpaka ukapinda taratibu, kisha akaketi chini na kuanza kuzoa mbegu kwa midomo. Midomo ile inachezacheza kama vidole, na haikuacha punje majanini. Alipomaliza alikuja kunusa ngazi zetu, akakosa kitu, akaenda zake. Nyumba yetu ilikuwa kando tu ya njia ya kwenda kwenye mbegu za mtu mwingine.

Sasa niseme lile ambalo vipeperushi vya hapa haviwezi kukwambia, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya jikoni zetu. Dagaa msianike barazani. Mafuta yaliyokaangiwa samaki yasimwagwe nyuma ya nyumba. Jiko la nyama choma lisilale nje likiwa na mafuta yaliyoganda kwenye nyavu na kwenye kile kikombe cha chini. Nyama ikishaiva, liacheni liwake kwa moto mkali robo saa, mpanguse nyavu na mtoe kikombe. Ukiamua kufuga kuku, kama rafiki zangu kadhaa walivyofanya, banda bila uzio wa umeme ni sawa na kumwalika dubu, na uzio huo uwake siku zote, si usiku tu.

Milango na magari yanahitaji maneno machache. Kitasa cha mkono wa kushusha dubu hukifungua kwa urahisi, cha duara humpa shida. Gari lifungwe kwa ufunguo kila mara, na lisiwe na hata maganda ya ndizi au kopo tupu la soda, kwa sababu dubu akiingia na mlango ukajifunga nyuma yake, atararua viti, dari na dashibodi akitafuta pa kutokea.

Uliza pia kuhusu uvungu wa nyumba. Nyumba nyingi za mlimani zimeinuliwa juu ya nguzo au kuta fupi, na ile nafasi ya chini ya sakafu ni pango zuri sana kwa jike mwenye mimba. Watoto huzaliwa Januari au Februari, wadogo ajabu, uzito wao ukiwa kati ya gramu 200 na 350 hivi. Mwenye nyumba azibe uvungu huo kwa mbao nene au wavu mzito kabla ya Novemba, na ahakikishe kwanza hakuna kitu ndani. Ikiwa mtasikia vilio vidogo chini ya sakafu katikati ya baridi, msiwaguse wala msijaribu kuwatoa kwa moshi. Pigieni tume ya wanyamapori, na mara nyingi ushauri utakuwa kuwaacha mpaka majira ya kuchipua, watakapoondoka wenyewe. Ni bora majirani hao wa miezi michache kuliko mama aliyetimuliwa akaacha watoto nyuma.

Kuhusu bunduki, jibu langu ni hapana. Dubu hapa ni mnyama anayewindwa kwa leseni na kwa msimu wake, na kufyatua risasi kwenye mitaa yenye nyumba kunaweza kukuletea kesi ambayo mgeni anayetegemea viza ya kazi haihitaji hata kidogo. Wala usidhani utaita watu waje kumhamisha. Jimbo kwa kawaida halikamati dubu na kuwapeleka mbali, kwani hakuna pa kuwapeleka ambapo hapana dubu wengine au watu, na wengi hurudi. Kinachokufaa ni kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, likae karibu na mlango, na kila mtu mzima ajifunze kuondoa pini yake kabla ya siku ya kulihitaji.

Mkikutana naye ana kwa ana, na mtakutana, msikimbie. Hukimbia kwa kasi inayofika takriban kilomita 50 kwa saa, na juu ya mti ndiko kwao. Simama, mwite kwa sauti ya mtu mzima anayemkanya kijana, inua mikono uonekane mkubwa, rudi nyuma polepole, na mwachie njia ya kupita. Akipuliza pua, akigonganisha meno au akipiga ardhi kwa mguu wa mbele, ana hofu na anakuomba nafasi. Hata akikurukia hatua chache kisha akasimama, mara nyingi anakutisha tu. Wale mliosoma kwamba mtu ajilaze na kujifanya maiti, huo ni ushauri unaomhusu dubu wa kahawia wa magharibi ya mbali, ambaye hapa hayupo. Dubu mweusi akikushambulia kweli, pambana naye kwa chochote ulicho nacho, ukilenga uso na pua.

Mbwa asiachiwe huru. Matukio mengi ya watu kujeruhiwa huanza na mbwa aliyekwenda kumbwekea dubu, kisha akarudi mbio kwa mwenyewe huku dubu akimfuata nyuma. Kabla ya kumtoa mbwa usiku, washa taa, gonga mlango, ngoja kidogo.

Watoto wako watacheza nje, usiwafungie ndani. Wetu tuliwafundisha mambo machache tu: wakimwona dubu wasipige mbio wala mayowe, waite mtu mzima na kurudi nyuma pamoja wakiwa wameshikana mikono, wasimkaribie mtoto wa dubu hata akiwa peke yake juu ya mti, kwa kuwa mama yu jirani, na vitafunio viliwe ndani. Shemeji atakuwa na wasiwasi wa wiki za mwanzo, hasa kati ya Mei na Julai, ambapo akina mama huwafukuza watoto wa mwaka uliopita ili wapandwe tena, na madume madogo yasiyo na eneo hutangatanga mchana kweupe. Hao ndio wanaoonekana zaidi. Ni wajinga wa mambo ya mji, lakini hutishika haraka.

Lililo gumu kuliko yote ni jirani. Mnaweza kufunga kila kitu kwenu, na mtu wa nyumba ya tatu akawa anatupa mikate kutoka barazani ili apige picha. Tulikuwa na mzee mmoja wa namna hiyo kwenye barabara yetu, mtu mwema sana kwa mengine yote, aliyekuwa amewapa dubu wake majina. Manispaa ina sheria ndogo inayokataza kulisha dubu, lakini sisi wageni wa nchi hatukutaka kuanza kwa kushtaki. Tulimwendea watu wa nyumba kadhaa pamoja, tukamweleza kwamba dubu aliyezoea mkono wa mtu ataujaribu mlango wa mtu mwingine, na hapo atauawa. Alikasirika, akanyamaza, kisha akaacha, ingawa naamini kilichomgusa ni maisha ya dubu kuliko usalama wa watoto wetu.

Nguvu ya mtaa kuwa na kauli moja tuliiona baada ya kimbunga Helene, kilichotupiga tarehe 27 Septemba 2024. Umeme ulikatika, friza zikayeyuka, malori ya taka yakawa hayawezi kupita kwa barabara zilizobomoka na miti iliyoanguka, na yote hayo yalitokea katika majira ambayo dubu wanakula kuliko wakati wowote. Nyumba za upande wetu zilikubaliana kupika nyama yote pamoja na kugawana, na kilichooza kikafungwa ndani ya gereji kwenye mifuko iliyonyunyiziwa amonia. Nyumba moja ya chini iliweka mifuko yake kando ya barabara. Dubu alirudi hapo jioni baada ya jioni, na taka zilipokwisha alianza kusukuma mlango wa jikoni wa nyumba hiyo, si wa nyingine.

Siku hizi watu husema dubu wamekuwa wengi kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki sehemu chache za ndani kabisa ya milima, kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa, kisha ugonjwa wa ukungu uliogunduliwa New York mwaka 1904 ukaangamiza miti ya chestinati iliyokuwa ikiwalisha kwa kokwa zake. Mwaka 1971 jimbo likatenga hifadhi za dubu, mialoni ikachukua nafasi ya chestinati, nao wakaongezeka, huku watu nao wakijenga nyumba kupanda mlima. Kwa hiyo mwaka ambao mialoni haikuzaa vizuri, tegemeeni wageni wengi zaidi mwezi wa tisa na wa kumi.

Mwisho, jambo la bima ambalo hukuliuliza. Bima ya gari ya kulipia ajali za kugongana pekee haitakufidia dubu akirarua viti; unahitaji ile pana inayohusisha uharibifu wa wanyama, na kwa nyumba ya kupanga chukua bima ya mpangaji kwa ajili ya vitu vyenu vya ndani. Ukinitajia ni upande gani wa mji, nitakuelekeza shule iliyo karibu na mahali basi la watoto linaposimama.