Jibu: Timu yenye 7-5 imewezaje kwenda fainali ikamwacha mwenye 10-2?

Mkuu, umeuliza kuhusu American football ya vyuo: ACC, moja ya konferensi (kundi la vyuo vyenye ligi yao), walihesabu nini mwaka 2025 hadi chuo cha Duke (7-5, yaani kashinda 7 kafungwa 5) akacheza fainali ya konferensi na Miami (10-2) akabaki nyumbani. Nimeishi Texas muda mrefu, na huku ubishi wa aina hii huanza kila Novemba, kwa hiyo ngoja nijibu kwa kirefu.

Kwanza, sahau habari za pointi tatu. Mchezo huo wa vyuo vya Marekani hauna pointi za msimamo wala sare; mkilingana mnaongezewa muda mpaka mmoja afe. Msimamo unapangwa kwa asilimia ya ushindi, tena kwenye mechi za ndani ya konferensi tu. Duke alipigwa na Illinois, Tulane na UConn, lakini hao wote si wa ACC, hivyo kwenye jedwali vipigo hivyo havikumgusa. Ndani ya ACC alikuwa 6-2, sawasawa na Miami, Georgia Tech, Pitt na SMU. Virginia aliongoza kwa 7-1. Wawili wa juu ndio hucheza fainali, kwa hiyo nafasi ya pili ikabaki na wagombea watano.

Najua mtu wa soka atasema si waangalie tofauti ya magoli. Haiwezekani kwa urahisi. Mwaka 2025 ACC ilikuwa na timu 17 na kila timu ilicheza mechi 8 za ndani, maana yake nusu ya wenzako hukutani nao. Mmoja anapangiwa vibonde, mwingine anapangiwa miamba. Ukifungulia tofauti ya alama, mwenye vibonde atawachapa hadi sekunde ya mwisho bila kupumzisha hata mchezaji mmoja.

Kwa hiyo mwaka 2025 walikuwa wanashuka ngazi. Timu mbili zikilingana, anaangaliwa nani kamfunga nani, kama makundi ya AFCON. Zikiwa tatu au zaidi, hiyo inafanya kazi kama wote wamekutana, au kama kuna mmoja aliyewafunga wengine wote. Ikishindikana, matokeo dhidi ya wapinzani waliocheza nao wote. Ikishindikana tena, asilimia ya ushindi ya wapinzani wako wote ndani ya konferensi, yaani nani alipita njia ngumu zaidi. Hapo ndipo Duke alipopenya. Akaenda Charlotte, akamfunga Virginia 27-20 katika muda wa nyongeza, akawa bingwa, halafu kamati ya mtoano wa kitaifa ikamwacha nje na kumchukua Miami! Ni watu tofauti na vigezo tofauti, usivichanganye.

Watu walicheka sana, ila mimi kanuni hiyo naitetea, kwa sababu niliona ya 2008.

Mwaka huo konferensi ya Big 12 ilikuwa na kanda mbili, Kaskazini na Kusini, na bingwa wa kila kanda anakwenda fainali. Kusini, Texas alimfunga Oklahoma 45-35 pale Cotton Bowl, Dallas, uwanja unaogawanywa katikati siku hiyo: nusu rangi ya chungwa, nusu nyekundu. Texas Tech akamfunga Texas 39-33, bao la ushindi likiingia imebaki sekunde 1. Kisha Oklahoma akamchakaza Tech 65-21. Wote watatu 7-1. Ghalani nilikokuwa nafanya kazi kulikuwa na ubao wa zamu. Shabiki wa Texas akaandika 45-35 kwa kalamu nene, wa Oklahoma akaandika 65-21 chini yake, na kijana mmoja wa Lubbock, mji wa Texas Tech, mpole kweli, akaongeza 39-33 juu ya yote. Msimamizi alifuta, kesho yake zikarudi.

Ngazi zote zikagoma, ikabaki ya tano: nani yuko juu kwenye viwango vya BCS, yaani viwango vya kitaifa vya wakati huo. Viwango hivyo theluthi mbili zilikuwa kura za makocha na jopo jingine, theluthi moja kompyuta. Oklahoma wa 2, Texas wa 3, tofauti 0.0128. Oklahoma akaenda fainali, akampiga Missouri 62-21. Wakati huohuo kanuni ya SEC, konferensi nyingine, ilisema wawili wa juu wakikaribiana kwenye viwango ndani ya nafasi tano, aangaliwe nani kamfunga nani. Kwa hiyo msimu uleule, matokeo yaleyale, kule angepita Texas. Kocha apige kura kuamua nani apite? Hapana kwa kweli.

Kanda zenyewe sasa zimekwisha karibu kote. Katika daraja la juu zilianzia SEC mwaka 1992, na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ililegeza masharti 2022. Ubaya wake uangalie konferensi ya Big Ten: tangu 2014 hadi 2023, bingwa alitoka kanda ya Mashariki kila mwaka, mara 10 kati ya 10. Magharibi walikuwa wanakwenda fainali kupigwa. Konferensi ya Sun Belt bado wanazo.

Texas na Oklahoma wote wako SEC tangu Julai 2024. Huko kura hazimo kwenye orodha. Tofauti ya alama ipo, lakini chini kabisa na imewekewa kikomo, na ikigoma hiyo nayo, inachezeshwa droo.