Dutch si Mholanzi kila mara, wadogo zangu

Wiki hii nimefungua tafsiri ya kijana wetu mmoja nikakuta Pennsylvania Dutch ya Kiingereza, yaani wahamiaji wa Kijerumani kule Marekani, imegeuzwa "Waholanzi wa Pennsylvania". Nikafunga kompyuta nikaenda kupika chai. Kosa hilo nalijua, nililifanya kabla yenu.

1. Kabla ya kamusi, tafuta matini inazungumzia mwaka gani. Neno la Kiingereza Dutch asili yake ni neno la kale lenye maana ya "-a watu": lugha ya watu wa kawaida, si Kilatini cha makasisi. Waingereza wa zamani waliwaita hivyo Wajerumani na Waholanzi pamoja. Uholanzi ilipojitenga, uhuru wake ukatambuliwa mwaka 1648, jina likawaganda Waholanzi.

2. Tazama picha. Mimi sikutazama. Nilipewa kijitabu kuhusu wahamiaji wa Pennsylvania, na kila penye Dutch nikaweka Mholanzi. Nikakipitia mara mbili, nikaona kinasomeka vizuri, kikachapwa. Siku ya tatu mteja akanipigia: "Mwalimu, hebu fungua ukurasa wa tisa." Picha ya Biblia iliyochapwa Germantown mwaka 1743. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu, neno linasomeka bila miwani: Deutschen, yaani Kijerumani, kisha Martin Luther, aliyeitafsiri Biblia kwa lugha hiyo. Chini yake, maneno yangu: "Biblia ya Kiholanzi." Nilinyamaza hadi akadhani simu imekatika. Wahamiaji wale wengi walitoka nchi za Wajerumani, na Waamish, Wakristo wa huko wanaoishi kizamani, hadi leo wanaongea lahaja ya Kijerumani. Uchapaji mpya niliulipia mimi, lakini kilichoniuma ni kwamba yule mteja aliniamini, hakumpa mtu mwingine akague.

Na Kiswahili kilikuwa kimeshanipa jibu! Hemedi bin Abdallah alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, Wadachi wale ni Wajerumani. Bibi yangu alikuwa akisema "enzi za Mdachi" kila jioni, nami nimekaa miguuni pake.

3. Misemo: go Dutch ni kila mtu alipe chake, Dutch courage ni ujasiri wa pombe, double Dutch ni maneno yasiyoeleweka. Msimtie Mholanzi humo. Msomaji wetu hana ugomvi naye.

4. Msibadilishe kwa mkupuo. Kijana nimempigia, anarekebisha neno moja moja, maana ukurasa wa 20 unaingia New York ilipokuwa bado New Amsterdam, na Dutch wa pale ni Waholanzi kweli.