Kutoa themostati hakutibu gari linalochemsha

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Dallas, Texas, nina Ford Mustang ya 1971 yenye V8 ya 351 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Ilikuwa ikipanda joto kidogo kwenye foleni. Jamaa akaitoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, eti maji yapite vizuri. Sasa inachemsha hata barabara kuu, na rejeta ni mpya. Nibadilishe pampu ya maji?

JIBU: Pampu iache kwanza. Rudisha themostati, tena ile ya injini hiyo hasa.

Mustang za 1971 zenye 351 zilitoka na injini ya Cleveland. Ndani ya bloku yake, chini ya themostati, kuna kibati cha shaba chenye tundu. Injini ikiwa baridi, maji hupitia tundu hilo na kurudi kwenye pampu bila kufika kwenye rejeta. Ikipata moto, themostati yake, yenye mfuniko wa duara kwa chini, hushuka na kuliziba. Huyo jamaa ameliacha wazi moja kwa moja: maji mengi yanazungukia ndani ya injini, rejeta yako inapata yaliyobaki.

Dukani wasikupe ya 351 Windsor, injini nyingine ya Ford ya ukubwa huohuo. Inaingia vizuri kabisa, lakini haina huo mfuniko, na utachemsha vilevile. Chukua ya nyuzi 82 za Selsiasi (180 za Farenhaiti), na kabla ya kufunga hakikisha kibati bado kipo, maana wapo wanaokitupa.

Joto la foleni ni jambo jingine. Gari linalopoa likitembea linakosa upepo: kagua feni, kava lake na taiming (wakati plagi zinapowasha).

Kinachoniudhi ni huu usemi ninaousikia Dar es Salaam, Nairobi na sasa Texas, kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Si kweli! Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Injini ya kabureta ikikaa baridi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, unyevu haukauki ndani ya oili, na ringi zinaisha mapema. Fundi anayetoa kifaa asichojua kazi yake hajatengeneza kitu. Kesho atakuvunjia yai ndani ya rejeta kuziba uvujaji, na mirija yote itaziba pamoja na tundu.

Ndio hao hao wanaojaza maji matupu. Dallas nayo huganda. Februari 2021 Texas nzima iliona. Maji yakiganda ndani ya bloku yanaipasua, na kupata nyingine si rahisi, maana Marekani iliacha kutengeneza Cleveland mwaka 1974. Weka kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kuganda) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto.