Hatia isiyoisha: je, tiba ya MDMA inafaa?

SWALI: Naishi Melbourne. Tulipokimbia vita nilimwacha mdogo wangu, na hadi leo najihukumu. Daktari ametaja MDMA. Si dawa ya kulevya hiyo?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Ni hiyo hiyo, inayoitwa ecstasy mtaani, ila tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuitumia kutibu msongo wa baada ya kiwewe. Hatia peke yake haitoshi; lazima ugonjwa huo uthibitishwe.

Katika majaribio makubwa, vikao 3 vya maandalizi vilitangulia siku 3 za dawa, zilizopishana kama mwezi. Kila siku ilichukua takribani saa 8, wataalamu wawili wakiwepo: miligramu 80 mara ya kwanza, kisha 120, na nusu ya kipimo ikiongezwa baadaye siku hiyo hiyo. Kila siku ya dawa ilifuatwa na vikao 3 vya mazungumzo. Usikubali kuviruka! Dawa hupunguza hofu. Kujitazama bila kujilaani huimarishwa kwenye vikao hivyo.

Presha na mapigo ya moyo hupanda, kwa hiyo upimwe moyo kwanza. Dawa nyingi za sonona huipunguzia MDMA nguvu, nyingine zikichanganywa nayo ni hatari. Usiziache mwenyewe, daktari ndiye atakayezipunguza kidogo kidogo. Nayo MDMA ya mtaani haijulikani ina nini.